Mshubiri: Dawa ya Uani na Historia Yake

Historia tunayoisoma shuleni imejaa habari za wafalme, vita, mikataba na safari za mabaharia. Habari hizo zina maana kubwa, lakini si historia yote. Wakati wafalme walipokuwa wakipigana, palikuwa na akina mama waliounguzwa vidole na vyungu, wachungaji waliokwaruzwa na miiba, na watoto waliojikata kwa visu. Watu hao walijitibu kwa kitu gani? Nani aliwafundisha? Na mafunzo hayo yametufikia kwa njia gani? Katika insha hii nataka kuyajibu maswali hayo kwa kufuata historia ya mmea mmoja tu, nao ni mshubiri.

Mshubiri waujua, msomaji, hata kama hujaujua kwa jina hilo. Ni mmea wa nchi kavu. Majani yake ni manene, mapana kwenye shina na membamba nchani, na kingo zake zina miiba mifupi kama meno ya msumeno. Humea juu ya mawe, kando ya njia na katika mbuga kavu ambako mimea mingine hunyauka, na siku hizi hupandwa hata katika makopo mbele ya nyumba za mjini. Ukilikata jani lake utaona vitu viwili, na yafaa uvitofautishe tangu sasa, kwa sababu asiyevitofautisha hawezi kuielewa historia ya mmea huu. Karibu na ganda hutoka utomvu wa manjano, mchungu kupita kiasi. Katikati ya jani mna ute mzito usio na rangi, wenye kuteleza, ambao karibu wote ni maji. Utomvu ule wa manjano ukikaushwa ndio shubiri yenyewe, ile ambayo Waswahili husema kitu ni kichungu kama shubiri. Ute ule ndio dawa ya ngozi.

Matumizi ya ute hayahitaji mganga. Mtu akiungua kidogo au akichubuka, jani hukatwa, huinamishwa ili utomvu wa manjano utiririke na kwisha, ganda humenywa upande mmoja, kisha ute hupakwa mahali palipoumia. Kazi yote humalizika kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo mshubiri haukuwa mali ya waganga. Ulikuwa dawa ya uani, dawa ya kila mama na kila mchungaji.

Siku moja niliwaomba wanafunzi wa darasa langu wanitajie jina la mmea huu kwa lugha za nyumbani kwao. Mjaluo alisema ogaka, Mkamba, kiluma, Mkikuyu, thukurui, Mmaasai, osukuroi, Mkalenjin, tangaratwet. Niliyaandika majina hayo ubaoni, nikawauliza tena: je, majina haya yatufundisha nini katika historia? Fikiri juu ya vitu vilivyoletwa na biashara, kama vile chai, sabuni na meza. Vitu hivyo vilipoingia bara vilikuja pamoja na majina yake, na mpaka leo majina hayo yanakaribiana katika lugha nyingi za nchi yetu. Lakini ogaka, kiluma na tangaratwet hazifanani hata kidogo. Kitu ambacho kila kabila hukiita kwa neno lake lenyewe yaelekea kilijulikana na kila kabila kabla mfanyabiashara hajapita. Majina mawili tu yanakaribiana, thukurui na osukuroi, na Wakikuyu na Wamaasai ni majirani wa siku nyingi ambao waliuziana vyakula na mifugo, wakaoana, na kuazimana maneno. Hivyo orodha fupi ya majina, isiyo na tarehe hata moja, yaweza kuwa ushahidi wa historia.

Mimea yenyewe yaunga mkono ushahidi huo. Kenya ina aina nyingi za mshubiri za asili, makumi kadhaa, na baadhi yake hazipatikani mahali pengine popote duniani. Ile ijulikanayo kwa wataalamu kama Aloe secundiflora imeenea sana katika nchi kavu za bara. Aina inayopandwa katika makopo, ambayo jina lake la kitaalamu ni Aloe vera, ni mgeni. Asili yake ni Bara Arabu. Kwa hiyo wenyeji wa bara hawakuwa na haja ya kungoja jahazi lolote liwaletee dawa hii. Ilikuwa imeota mlangoni pao.

Jina la Kiswahili, hata hivyo, latupeleka baharini. Shubiri ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika Kiarabu jina la dawa hii na neno lenye maana ya uvumilivu huandikwa kwa herufi tatu zile zile, na kutokana na neno hilo la pili sisi tumepata subira. Shubiri na subira basi ni ndugu. Na mtu aliyewahi kuilamba shubiri hatashangaa kusikia kwamba inahusiana na uvumilivu. Undugu huu wa maneno watukumbusha kwamba pwani yetu imeshirikiana na Bara Arabu kwa karne nyingi, majahazi yakishuka kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa pepo za kusi.

Biashara ya shubiri katika bahari hiyo ni ya kale sana. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Masihi, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndicho kitabu hicho hicho ambacho wanahistoria hukitegemea kwa habari za kale za pwani ya Afrika Mashariki, na ndicho kinachotaja soko la Rhapta. Humo twasoma kwamba bandari ya Kane, kusini mwa Bara Arabu, ilipeleka nje ubani na shubiri. Katika karne hiyo hiyo tabibu wa Kiyunani aliyeitwa Dioscorides aliandika juu ya dawa za mimea, akasema kwamba shubiri ni haluli, na kwamba unga wake ukinyunyizwa juu ya jeraha hulifunga. Kitabu chake kilisomwa na matabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,000.

Shubiri iliyosifiwa kuliko zote ilitoka katika kisiwa cha Sokotra, kilichoko baharini karibu na pembe ya Afrika. Masudi, mwandishi wa Kiarabu wa karne ya kumi ambaye yeye mwenyewe alisafiri mpaka pwani ya Afrika Mashariki, alisimulia kwamba Aristotle alimshauri Aleksanda Mkuu akitwae kisiwa hicho na kuwapeleka Wayunani huko kwa ajili ya shubiri. Hadithi hiyo ni tamu, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuipima. Aleksanda alikufa mwaka 323 kabla ya Masihi, na Masudi aliandika zaidi ya miaka 1,200 baadaye, hakuwa shahidi. Lakini Periplus nayo husema kwamba miongoni mwa wakazi wa Sokotra walikuwamo Waarabu, Wahindi na Wayunani. Basi hatuwezi kusema kwamba Aleksanda aliwapeleka. Twaweza kusema kwamba Wayunani walikuwako, na kwamba watu wa zamani waliiona shubiri kuwa kitu cha thamani kiasi cha kuweza kumshawishi mfalme.

Mwaka 1507 Wareno walikiteka kisiwa hicho. Nia yao ilikuwa kuufunga mlango wa Bahari ya Shamu, na walipoona kwamba kisiwa hakiwafai kwa kazi hiyo waliondoka mwaka 1511. Katika karne iliyofuata merikebu za Waingereza zilifika Sokotra kununua shubiri. Katika karne ya 19 wauza dawa wa London waliijua aina moja iliyoitwa shubiri ya Zanzibar, iliyofungwa katika ngozi za wanyama. Jina hilo ni la bandari, si la shamba. Bidhaa ilikusanywa kwingine ikapita Zanzibar, kama zilivyopita pembe za ndovu za bara.

Hapa tufikiri kidogo. Bidhaa hiyo yote iliyovuka bahari ilikuwa utomvu mkavu, na thamani yake kubwa sokoni ilikuwa ile ya haluli, dawa ya kuliendesha tumbo. Ute, ile dawa ya kuungua, haukuweza kusafiri, kwa sababu jani likikatwa ute huharibika upesi. Kwa hiyo haukuuzwa. Na kwa kuwa haukuuzwa, haukuandikwa katika hesabu za bandari wala katika barua za makampuni. Maarifa ya utomvu yalihifadhiwa na wafanyabiashara kwa wino. Maarifa ya ute yalihifadhiwa na mabibi kwa mdomo, kila mmoja akimfundisha mjukuu wake siku alipoungua. Ukisoma vitabu tu, utadhani kwamba nusu ya pili ya historia hii haikuwako.

Ulipokuja utawala wa kikoloni, maarifa hayo ya mdomo yaliingia katika majaribu. Hospitali na zahanati zilileta tiba ambazo watu hawakuwa nazo, na hakuna mtu wa haki anayeweza kukana faida yake. Lakini pamoja na faida hiyo ilikuja dharau. Sheria ya uchawi ya mwaka 1925 nchini Kenya iliwakusudia wale waliojidai kuwa na nguvu za uchawi. Haikuukataza mmea wowote. Hata hivyo, machoni pa watu wengi mganga, mchawi na bibi mwenye jani la mshubiri walitiwa katika kapu moja. Kijana aliyesoma aliona haya kuonekana akipaka ute wa jani, hata kama mkono wake ulipata nafuu. Mtu akishaona haya juu ya kitu hakiulizii tena, na asipouliza, mwenye kujua hufa na ujuzi wake.

Lakini haifai kusimulia upande mmoja. Wakati huo huo walikuwako wataalamu wa mimea walioyaona maarifa hayo kuwa ni hazina. Mwaka 1937 Peter Bally alichapisha orodha ya mimea ya dawa na ya sumu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 Gilbert Reynolds alitoa kitabu kikubwa kuhusu mishubiri ya Afrika ya joto na Madagaska. Na mwaka 1976 mwenzetu wa Kenya, J. O. Kokwaro, alitoa kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichokusanya majina ya kienyeji na matumizi ya wenyeji. Kila jina lililoandikwa lilitoka katika kinywa cha mzee fulani ambaye jina lake yeye, mara nyingi, hatulijui.

Ulaya na Marekani nazo ziliurudia mmea huu kwa njia ya ajabu. Mwaka 1851 wanakemia wawili wa Edinburgh waliutenga ule uchungu wa utomvu na kuuita aloini, na matabibu wakaendelea kuuheshimu utomvu na kuusahau ute. Ndipo mwaka 1935 madaktari wawili wa Marekani walipoandika habari za mwanamke aliyeungua ngozi kwa mionzi ya eksirei. Dawa nyingine hazikumfaa. Walimpaka jani bichi la mshubiri, akapata nafuu. Mashine ya kisasa ilileta jeraha jipya, na jeraha hilo likatibiwa kwa dawa ya uani. Tangu hapo uchunguzi wa ute ulianza kwa bidii.

Uchunguzi huo umesema nini? Mwaka 2007 wataalamu waliyakusanya majaribio manne yenye wagonjwa 371 walioungua, wakaona kwamba waliopakwa mshubiri walipona mapema kuliko wengine kwa siku zipatazo 9. Hiyo ni habari njema, ingawa majaribio yenyewe yalikuwa machache. Lakini mwaka 1991 ilitolewa habari nyingine kutoka Marekani: wanawake waliokuwa na majeraha ya kupasuliwa yaliyofumuka walipona kwa wastani wa siku 53 walipotunzwa kwa njia ya kawaida, na siku 83 walipopakwa mshubiri. Na mwaka 2012 wataalamu walioyapima majaribio ya mshubiri juu ya vidonda vya namna nyingi walisema kwamba ushahidi haukutosha kuthibitisha faida yake. Ama utomvu wa manjano, uliosifiwa na wafalme, Marekani iliuondoa mwaka 2002 katika haluli ziuzwazo bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa.

Msomaji mwerevu ataona kwamba habari hizi hazipingani na desturi za wazee, zaziwekea mpaka. Bibi hakuupaka ute juu ya jeraha lililoonyesha mfupa. Aliupaka juu ya kidole kilichogusa sufuria. Dawa ya majeraha madogo ni dawa ya majeraha madogo, na anayeipandisha cheo ndiye anayeiaibisha. Kwa hiyo mtu akiungua, kwanza atie mahali hapo katika maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Baadaye, ikiwa ngozi haikupasuka, ute safi wa mshubiri, uliokwisha kutolewa utomvu wa manjano, waweza kupakwa. Lakini aliyeungua mahali pakubwa, au usoni, au hata ngozi ikageuka nyeupe au nyeusi, apelekwe hospitali bila kukawia. Vivyo hivyo jeraha lenye kina au lililoingia udongo, maana pepopunda haitibiwi kwa jani lolote, na kinga yake ni chanjo. Na mtu ambaye ngozi yake huwasha au kuota vipele akipakwa mshubiri aache mara moja.

Liko jambo jingine ambalo wazee hawakulijua, nalo ni kwamba mshubiri waweza kwisha. Mama aliyekata jani moja aliuacha mmea ukiishi. Lakini soko la dunia lilipoanza kuutaka utomvu wetu kwa wingi, wavunaji wa nchi kavu za Kenya walikata majani yote ya mmea, na wengine waling'oa mmea mzima. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikataza kuvunwa kwa mshubiri wa mwituni. Katazo hilo halikuimaliza biashara. Liliipeleka gizani, ambako mvunaji maskini alilipwa kidogo na mnunuzi akapata kingi. Mwaka 2007 serikali ilitoa kanuni mpya zinazoruhusu biashara ya mshubiri uliopandwa, kwa leseni. Nao mkataba wa mataifa uliotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973 juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, unailinda mishubiri yote isipokuwa ile iitwayo Aloe vera, ambayo hupandwa mashambani kwa wingi. Mmea uliostahimili jua la jangwa unahitaji sheria ili ustahimili tamaa ya binadamu.

Hali ya maarifa yenyewe imeanza kubadilika. Kenya ilitunga sheria ya kuyalinda maarifa ya jadi mwaka 2016, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaitambua tiba ya asili. Mambo hayo ni mema. Lakini sheria hulinda kile kinachojulikana. Haiwezi kukilinda kile ambacho hakuna aliyekiuliza. Kazi ya kuuliza ni yenu, wanafunzi. Katika kila kijiji wako wazee wanaoujua mmea fulani, jina lake, mahali unapoota, sehemu inayotumika na sehemu iliyo na madhara. Twaa daftari, mwulize bibi yako au babu yako kwa adabu, na uandike alivyosema, pamoja na tarehe, mahali na jina lake yeye mwenyewe akikubali. Usiongeze wala usipunguze. Maneno hayo mwanasayansi atayapima, na mwanahistoria atayahifadhi.

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo ni la kweli, lakini halikuamuru kwamba asili isipimwe. Anayeidharau dawa ya wazee bila kuijaribu, na anayeisifu bila kuijaribu, wote wawili wameacha kufikiri. Mshubiri umepita katika mikono ya mabaharia, matabibu, wakoloni na wanasayansi; umesifiwa kupita kiasi na kudharauliwa kupita kiasi, na ute wake haukubadilika. Kilichobadilika ni ujuzi wetu sisi. Tukiuongeza ujuzi huo kwa subira, tutajua ni lini tukate jani uani, na ni lini tukimbilie hospitali.